Sandarusi, Katani na Minyororo Mirefu

Mchimbaji wa sandarusi wa pwani ya Mrima, katika karne ya 19, hakuhitaji mti. Alikwenda mahali ambapo msitu ulikwisha kufa zamani, akachimba mchanga kwa kijembe na kutoa mabonge ya utomvu uliogeuka kama jiwe, ngozi yake ina vipele mithili ya kuku aliyenyonyolewa. Bonge lilipita mikono ya wachuuzi, likavuka hadi Unguja, na huko likapakiwa katika merikebu za Salem, Massachusetts. Wamarekani waliliosha, wakaliyeyusha, wakapata vanishi ya kung'arishia magari ya farasi. Sultani wa Oman na Unguja, Sayyid Said, alitiliana nao saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na sandarusi ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowaleta.

Mwaka huohuo, mwanakemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, alibuni neno polima. Hakulipa maana tunayolipa leo, wala hakujua kwamba vanishi ile ilikuwa polima: molekuli ndogo za utomvu zilizoshikana ardhini kwa miaka mingi hadi zikawa mnyororo mrefu usioyeyuka kirahisi. Historia ya elimu hii kwa kawaida husimuliwa kuanzia maabara za Ulaya. Mimi naona inasomeka vizuri zaidi ukisimama forodhani na kutazama kitu gani kinapakiwa, kisha mwaka gani hakipakiwi tena.

Pembe ndizo zilizoanza kutafutiwa mbadala. Mwaka 1863 watengenezaji wa meza za biliadi New York walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kutengenezea mipira badala ya pembe za ndovu, ambazo nyingi zilipitia Unguja. John Wesley Hyatt, mpigachapa wa Albany, alichanganya kafuri na selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki, akapata seluloidi. Hataza yake ni ya 1870. Inapendeza kusema kwamba plastiki ilimwokoa ndovu. Haikumwokoa. Mipira ilibadilika, lakini piano ziliongezeka majumbani, na vibonyezo vyake viliendelea kudai pembe hadi ndani ya karne ya 20.

Sandarusi ikafuata. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alikuwa akitafuta mbadala wa utomvu wa wadudu wa lak kutoka India, akaishia kuunda Bakelite, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kemikali. Baada yake zilikuja gundi za viwandani zilizoingia katika vyungu vya vanishi, na mchimbaji wa Mrima akakosa mnunuzi bila kuambiwa sababu.

Ajabu ni kwamba waliokuwa wakitengeneza vitu hivi hawakujua hasa ni nini. Hermann Staudinger, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Zurich, ndiye aliyeandika mwaka 1920 kwamba mpira na selulosi ni molekuli ndefu kupita kiasi. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Nobel akaipata mwaka 1953. Elimu hiyo haikuenea kwa makongamano peke yake. Herman Mark alikimbia Vienna mwaka 1938 baada ya Hitler kuitwaa Austria, akatoka na waya wa platini alioukunja ukawa viango vya kutundikia nguo. Brooklyn akaanzisha taasisi ya utafiti wa polima ambayo wanafunzi wake walitawanyika duniani kote.

Sasa twende Tanga, maana hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yalikuja mashamba yaliyoenea kutoka Pangani hadi Kilosa. Wajerumani walijenga taasisi ya utafiti Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na baadaye Waingereza wakawa na kituo cha mkonge Mlingano. Kutoka katika utafiti huo ilitoka mbegu chotara iitwayo Hybrid 11648, ambayo hadi leo ndiyo inayolimwa kwa wingi, hata huko China. Wengi wanaoitumia hawajui jina la Mlingano. Nao manamba, waliosafirishwa kutoka mbali na kuhesabiwa kwa namba hadi wakapewa jina hilo, walikata majani, wakayalisha korona, mashine ya kutenga nyuzi, wakaanika nyuzi juani. Katani ni selulosi: polima iliyotengenezwa na jua na maji, ikafungwa marobota na kusafirishwa ili wakulima wa Ulaya na Marekani wafungie majani ya mifugo yao. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000, na hakuna nchi iliyoizidi.

Miaka kumi kabla ya kilele hicho, mbadala wake ulikwisha kuzaliwa. Karl Ziegler, huko Mülheim Ujerumani, aligundua mwaka 1953 namna ya kuunganisha gesi ya ethilini kuwa plastiki bila shinikizo kubwa. Giulio Natta wa Milan alikuwa na makubaliano naye kupitia kampuni ya Montecatini, na vijana wa Kiitalia walipelekwa Mülheim kujifunza. Tarehe 11 Machi 1954 maabara ya Natta ilitumia njia ya Ziegler kwa gesi nyingine, propilini, na polipropilini ikapatikana. Natta alisajili hataza bila kumwarifu mwenzake kwanza. Urafiki ukaingia baridi, na walipopewa Nobel pamoja mwaka 1963 hawakuwa tena watu wa kutembeleana. Kila ninapoona picha za watafiti wakipeana mikono baada ya kutia saini makubaliano, huwakumbuka wawili hawa.

Kamba ya polipropilini ni nyepesi, haiozi kwa unyevu, na ilikuwa rahisi kuliko katani. Bei ya katani ilianza kuporomoka baada ya 1964. Sitaki kuibebesha polipropilini mzigo wote: utaifishaji wa 1967, mashine zilizochakaa na thamani ya shilingi vilikuwa na sehemu yao. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000, na mashamba mengi yaligeuka pori.

Muda wote huo jibu la swali ambalo dunia haikuwa imeuliza lilikuwa limelala maktabani. Mwaka 1926 Maurice Lemoigne wa Institut Pasteur, Paris, alieleza kwamba kuna bakteria wanaojiwekea akiba ya chakula kwa umbo la polima, kama mtu anavyojiwekea mafuta mwilini. Polima hiyo, PHB, ni plastiki inayoweza kuliwa tena na bakteria. Mafuta ya petroli yalikuwa rahisi mno kwa mtu kujali. Bei ilipopanda katika miaka ya 1970 kampuni ya ICI ya Uingereza ililifufua wazo hilo, na mwaka 1990 chupa za shampuu za plastiki ya jamii hiyo ziliuzwa Ujerumani. Gharama ikawashinda. Mwaka 1998 Paul Anastas na John Warner waliandika kanuni 12 za kemia ya kijani, mojawapo ikisema kitu kibuniwe tangu mwanzo kiwe cha kuvunjika kikimaliza kazi yake. Mwaka 2017 ikachapishwa hesabu iliyowatikisa wengi: hadi 2015 binadamu walikuwa wametengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki, na katika taka zake ni asilimia 9 tu zilizorejelewa.

Utafiti wa jambo hili umekuwa wa mataifa kwa lazima. Watafiti wa Japani walitangaza mwaka 2016 bakteria aliyepatikana Sakai, karibu na Osaka, anayekula plastiki ya chupa za maji. Miaka miwili baadaye Waingereza wa Portsmouth, wakishirikiana na Wamarekani na Wabrazili, walichunguza umbo la kimeng'enya chake na katika kukichokonoa wakakiboresha pasipo kutarajia. Katika udongo wa kando ya ziwa la chumvi la Bolivia alipatikana bakteria aitwaye Halomonas boliviensis, hodari wa kujaza PHB. Alitajwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, ikiwa ni kazi ya watafiti wa Cochabamba na Chuo Kikuu cha Lund, Sweden. Bakteria alibaki na jina la nchi yake, na watu wa nchi hiyo walikuwamo katika kazi.

Si kila ziwa lilibahatika hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sampuli za vijidudu zilichukuliwa kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Kenya. Vimeng'enya vinavyokata selulosi viliishia katika viwanda vya kuifanya jinzi mpya ionekane imechakaa, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai kwamba ruhusa haikutolewa na fungu la Kenya halikulipwa. Ugomvi wa aina hiyo ndio uliozaa Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayotaka ruhusa na mgawo viandikwe kabla ya chupa ya sampuli kufungwa. Mtafiti anayelalamikia fomu zake angekaa siku moja kando ya Ziwa Bogoria, mojawapo ya maziwa hayo ya magadi.

Kwetu ushirikiano wenye matunda ulianzia kwenye takataka. Katika jani la mkonge, nyuzi ni kama asilimia 4. Sehemu iliyobaki humwagwa na korona. Kupitia mpango wa BIO-EARN, uliofadhiliwa na Sweden na kuunganisha Tanzania, Kenya, Uganda na Ethiopia kati ya 1999 na 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Lund waliyachachusha mabaki hayo wakapata gesi. Katika miaka hiyohiyo mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi hiyo ulijengwa Hale.

Sheria zetu zilikwenda kasi kuliko maabara. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Mwezi Machi 2022 mataifa yalikubaliana Nairobi kuandika mkataba wa plastiki; hadi mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yalipovunjika, hayakuwa yameafikiana. Nao mfuko uliochukua nafasi ya ule wa plastiki, rambo, sokoni, ule laini wa rangi tunaouita mfuko mbadala, kwa kawaida ni polipropilini. Ni ileile ya Natta.

Na katani imekutana nayo tena. Viwanda vya magari huchanganya nyuzi za mkonge na polipropilini kutengeneza paneli za milango, ili gari liwe jepesi na petroli ipungue. Kazi si rahisi, kwa kuwa selulosi hupenda maji na polipropilini huyakimbia. Zikiwekwa pamoja hivihivi hazishikani. Kwa hiyo nyuzi huloweshwa kwanza katika soda kali, ambayo huondoa nta na kuukwaruza uso wake, kisha hutiwa kemikali yenye ncha mbili, moja ya kuishika katani na moja ya kuishika plastiki. Ndipo mchanganyiko hujaribiwa: huvutwa kwa mashine hadi ukatike, na mtu huandika katika daftari ni upande gani ulioachia kwanza.