Sumaku na Waya wa Shaba: Asili ya Sauti Nyingi za Gita la Umeme

Maji ya milima ya Usambara hayaishii mashambani. Mto Luengera, utokao katika milima hiyo, huingia katika mto Pangani karibu na Korogwe. Na mto Mkomazi nao hupokea maji ya miteremko ya upande wa Lushoto, ukayapeleka huko huko Pangani. Maji hayo hushuka hadi Hale, ambako mwaka wa 1964 kilianza kazi kituo cha umeme kizungushwacho na maji. Ndani ya mitambo ya namna hiyo sumaku huzunguka mbele ya koili za waya wa shaba, na umeme huzaliwa. Kanuni hiyo aliigundua Michael Faraday huko Uingereza mwaka wa 1831.

Kanuni iyo hiyo ndiyo iliyofanya kazi ndani ya magita ya umeme ya bendi za Tanga katika miaka ile ya 1960. Chini ya nyuzi za gita hukaa sumaku iliyozungushiwa maelfu ya duru za waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitetemeka huivuruga nguvu ya sumaku, na katika waya hupita umeme mdogo sana, unaofuata mtetemo ule hatua kwa hatua. Amplifaya huukuza. Basi kituo cha umeme na gita ni ndugu. Lililotofauti ni ukubwa, na kwamba kimoja husukumwa na maji, kingine na kidole.

Kifaa hicho cha gita kina taabu ya jina. Neno pikapu lingefaa kwa asili yake, lakini katika Kiswahili limekwisha kulichukua gari dogo la mizigo. Kinasa sauti nacho ni chombo kingine. Tena jina hilo lingepotosha maana, kwa kuwa kifaa hiki hakisikii sauti iliyomo hewani, bali hunasa mtetemo wa chuma. Kwa sababu hiyo katika makala haya kitaitwa kinasa mtetemo.

Kinasa mtetemo cha kwanza kilichofaulu kwa gita kilitengenezwa Marekani na George Beauchamp mnamo 1931, na hati ya haki ya uvumbuzi wake ilitolewa mwaka wa 1937. Katika Afrika ya Mashariki, Fundi Konde wa pwani ya Kenya hutajwa miongoni mwa waliotangulia kulipiga gita la umeme. Lakini chombo kile kilikuwa na ila moja. Koili isiyochagua hunasa kila kitu, pamoja na umeme wa nyumba, ambao katika nchi zetu hupiga mapigo 50 kwa sekunde. Matokeo yake ni mvumo mzito usiokoma, hata mpigaji anapoziacha nyuzi. Umeme uliochangiwa na maji ya Usambara ulililisha amplifaya, na papo hapo ukalisumbua gita.

Dawa aliipata Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, mwaka wa 1955. Alizichukua koili mbili, akazigeuza sumaku zake zitazamane kinyume, na waya zake zipeleke umeme kinyume. Mtetemo wa uzi, kwa kuwa hupinduliwa mara mbili, hurudi sawa katika koili zote mbili na kuongezeka nguvu. Mvumo wa nje hupinduliwa mara moja tu, kwa hiyo nusu mbili zake huuana.

Hapo ndipo ufundi wa kuunganisha nyaya upya ulipopata uwanja mpana. Koili mbili zikiunganishwa kwa mfuatano, sauti huwa nene na yenye nguvu. Zikiunganishwa sambamba, hupungua unene na kuwa safi. Moja ikinyamazishwa, sauti hung'aa, lakini mvumo hurudi. Vinasa viwili vikiwa pamoja, na nyaya za kimoja zikabadilishana mahali, sehemu kubwa ya sauti hufutika na hubakia sauti nyembamba kama ya mtu anenaye kwa puani. Kazi yote ni ya swichi, risasi ya kulehemu na mkono uliotulia. Wala gita halibadiliki umbo.

Mara nyingine wapigaji waliwatangulia watengenezaji. Gita la Stratocaster lilitoka mwaka wa 1954 likiwa na vinasa vitatu na swichi ya nafasi tatu. Wapigaji waliisimamisha swichi kati ya nafasi na nafasi ili vinasa viwili vifanye kazi kwa pamoja, na mwaka wa 1977 kampuni ya Fender ikaweka swichi ya nafasi tano. Huko Uingereza Brian May na baba yake walianza kujiundia gita mwaka wa 1963, wakakipa kila kinasa swichi mbili: ya kukiwasha na ya kukipindua. Baadaye gita hilo lilifuatana na sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Na mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi alivitengenezea vinasa vyake likembe kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu na waya wa shaba.

Kwa Tanga jambo hili lilikuwa na uzito wake. Katika bendi za dansi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, magita kadhaa yalipigwa pamoja, na kila moja lilihitaji kusikika mahali pake: solo juu, la kuitikia katikati, besi chini. Black Star Musical Club nao waliliingiza gita la umeme katika taarabu. Magita mawili yenye sauti moja hufunikana. Bali waya ukihamishwa, kila moja hupata njia yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika ile ya 1980 fedha za kigeni ziliadimika Tanzania, na vyombo vipya vikawa vigumu kupatikana. Katika bendi nyingi, tena, vyombo havikuwa mali ya mpigaji. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka wa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki akihama, gita lilibaki. Alichoondoka nacho ni ujuzi wake. Ujuzi wa namna hiyo, usipopewa maneno, hauna budi kufunzwa kwa kuoneshana vidole, na fundi akifa huzikwa naye. Mfuatano, sambamba, koili, kulehemu: maneno haya yamo tayari katika lugha, na yanatosha kuuandika ufundi huu ili kijana wa Lushoto aliye na gita moja tu aweze kulipa sauti nne.