Kijana wako anapopanda mlima kwa bajeti ndogo: mambo ya afya ambayo mama na mlezi wanapaswa kujua

Kila mwaka, hasa Desemba karibu na sikukuu ya Uhuru na wakati wa likizo za vyuo, vijana wengi hupanga safari za milimani. Hubeba shanta mgongoni, hupanda basi la kawaida, hugawana gharama na kulala sehemu za bei nafuu. Ni jambo jema. Kijana hujifunza nchi yake, hutembea na hukaa mbali na simu. Lakini mlima mrefu una ugonjwa wake, na ugonjwa huo unaweza kuua kijana mwenye afya njema kabisa.

Mama mmoja alinijia kliniki ya watoto akiwa amembeba mjukuu wake. Baada ya kumpima mtoto uzito akaniuliza, "Nesi, mwanangu anakwenda Kilimanjaro na wenzake wa chuo. Wamepata bei nzuri, siku tano. Nimnunulie dawa gani?" Nikamwambia, "Mama, kabla ya dawa, tuzungumze kwanza hizo siku tano."

Makala haya yanaeleza kwa nini nilimjibu hivyo.

Ugonjwa wa mwinuko ni nini?

Kadiri unavyopanda juu, ndivyo kila pumzi inavyobeba oksijeni kidogo. Katika kambi ya Horombo, mlima Kilimanjaro, mita 3,720, mtu hupata karibu theluthi mbili tu ya oksijeni anayoipata Dar es Salaam au Tanga. Kileleni Uhuru, mita 5,895, ni karibu nusu.

Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, lakini unahitaji siku. Mtu akipanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea, huugua. Dalili huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi kwenda juu, mara nyingi saa 6 hadi 12 baada ya kufika.

Mambo matatu ambayo watu wengi hukosea:

- Mazoezi na nguvu havizuii ugonjwa huu. Mchezaji mpira anaweza kuugua na mwenzake mnene akawa mzima.
- Ujana si kinga. Vijana hata huwa hatarini zaidi kwa sababu hushindana na hawataki kuonekana wanyonge.
- Kuzaliwa chini ya mlima si kinga ya kutosha. Mtu anayeishi Marangu au Moshi naye anahitaji kupanda taratibu. Vivyo hivyo kwa wapagazi, ambao ni waume na watoto wetu.

Bajeti ndogo inaingiaje hapa?

Ada za hifadhi hulipwa kwa siku. Chakula, mwongozaji na wapagazi pia huhesabiwa kwa siku. Kwa hiyo njia rahisi ya kushusha bei ni kupunguza siku.

Tazama njia ya Marangu kwa ratiba ya siku tano. Geti liko karibu mita 1,870. Usiku wa kwanza ni Mandara, mita 2,720. Wa pili ni Horombo, mita 3,720. Wa tatu ni Kibo, mita 4,720, na usiku huohuo wanaamshwa kuelekea kileleni. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na upumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Hapa wanapanda mita 1,000 kwa siku, mara mbili mfululizo.

Ratiba ya siku sita huongeza usiku mmoja Horombo. Bado ni haraka, lakini siku hiyo moja husaidia sana. Ndiyo siku inayokatwa kwanza pesa zikipungua, na ndiyo siku ambayo mwili uliihitaji kuliko zote.

Mlima Kenya nao una mtego wake. Barabara ni nzuri, na mtu akiondoka Nairobi asubuhi anaweza kulala kambi ya Old Moses, mita 3,300, usiku huohuo. Mwili haujapata muda wowote wa kuzoea.

Wapi pa kubana matumizi, na wapi pasiguswe

Unaweza kubana hapa:

- Nguo. Koti zito, fulana za sufu, kofia na glavu hupatikana kwenye mitumba kwa bei nafuu. Moshi na Arusha kuna wanaokodisha koti, mifuko ya kulalia na buti.
- Usafiri. Basi linatosha.
- Mlima wenyewe. Kijana anayeanza si lazima aanze na Kilimanjaro. Kutembea Usambara, kutoka Lushoto kupitia Rangwi hadi Mtae, ni siku kadhaa za vilima, misitu na vijiji, bila kufika kwenye mwinuko wa hatari. Lushoto hufikiwa kwa gari kutoka Mombo. Atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji anakolala na achukue mwongozaji mwenyeji.

Usikubali pabanwe hapa:

- Idadi ya siku.
- Mwongozaji mwenye uzoefu na leseni. Kilimanjaro hakupandwi bila mwongozaji.
- Chakula cha kutosha na maji salama.
- Nguo za mvua na nguo kavu za kulalia.
- Nafasi ya kurudi. Kikundi kiwe na watu wa kutosha ili mgonjwa asindikizwe kushuka bila wengine kubaki peke yao.

Dalili za kawaida

Ugonjwa wa mwinuko wa kawaida hufanana na uchovu wa mtu aliyelala vibaya:

- kichwa kuuma
- kukosa hamu ya kula, kichefuchefu au kutapika
- kizunguzungu
- kuchoka sana
- kukosa usingizi

Mwenye dalili hizi asipande zaidi. Abaki alipo, apumzike, anywe maji, ameze parasetamoli. Akipata nafuu kabisa anaweza kuendelea. Dalili zikizidi, au zisipopungua ndani ya siku moja, ashuke.

Dalili za hatari: ashuke sasa hivi

Ubongo unapovimba:

- anayumba kama mlevi
- anachanganyikiwa, anaongea visivyoeleweka au anakuwa mkali bila sababu
- analala mno na ni vigumu kumwamsha

Kuna kipimo rahisi. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Akiyumba au kuanguka wakati wenzake wanaweza, ni dharura.

Maji yanapojaa mapafuni:

- anahema kwa shida hata akiwa ameketi
- kifua kinabana, anakohoa, na baadaye anaweza kutoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi
- midomo au kucha zinakuwa za bluu au kijivu

Hali hizi mbili huua kwa saa chache. Tiba ya kwanza ni kushuka, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana pale mbele. Oksijeni ikiwepo apewe, lakini isiwe sababu ya kubaki juu. Asishuke peke yake hata mara moja.

Je, kuna dawa ya kuzuia?

Ipo. Inaitwa asetazolamaidi, na wengi huijua kwa jina la Diamox. Husaidia mwili kuzoea haraka zaidi. Huanzwa kabla ya kupanda, kwa ushauri wa daktari. Humfanya mtu akojoe zaidi na kuhisi vidole vikichomachoma. Mwenye mzio wa dawa za salfa amweleze daktari kwanza. Dawa hii haichukui nafasi ya siku za kuzoea, na asichukue vidonge vya mwenzake.

Asinywe pombe, dawa za usingizi wala dawa kali za maumivu akiwa juu. Hupunguza upumuaji wakati wa kulala.

Nani apimwe kwanza?

*Seli mundu.* Huu ndio ujumbe ninaoomba kila mama aushike. Mwenye ugonjwa wa seli mundu hapaswi kupanda milima mirefu, kwa sababu upungufu wa oksijeni huamsha maumivu makali na madhara mengine. Hata aliyerithi upande mmoja tu, ambaye maisha yake yote amekuwa mzima, anaweza kupata madhara ya bandama akiwa juu. Maumivu makali ya tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, ni ishara ya kushuka mara moja. Kama kuna seli mundu kwenye ukoo wenu, kijana apimwe kabla ya kulipa pesa ya safari.

*Pumu, kisukari, kifafa, moyo.* Amwone daktari. Dawa zake za kila siku azibebe kwenye begi dogo analotembea nalo, si kwenye mzigo wa mpagazi. Insulini isiachwe igande. Usiku ailaze karibu na mwili.

*Upungufu wa damu.* Wasichana wengi wanao bila kujua. Kipimo cha wingi wa damu hupatikana kituo cha afya. Abebe pia taulo za kike hata kama si tarehe zake.

*Wajawazito.* Wasipande milima mirefu.

*Watoto wadogo.* Mtoto chini ya miaka 10 haruhusiwi kupanda hadi kilele cha Kilimanjaro. Hata kwenye matembezi ya siku moja kwenda Mandara, kumbuka kwamba mtoto mdogo hawezi kukuambia kichwa kinauma. Akilialia, akakataa kula au kucheza, akatapika au akalala kuliko kawaida, mshushe.

Malaria hupanda mlima pia

Mbu wa malaria hawako kwenye baridi ya juu, lakini kijana anaweza kuondoka nyumbani akiwa tayari ameumwa. Malaria huonekana siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, yaani akiwa njiani au mlimani. Kichwa kitauma, atatapika, na wenzake watasema ni mwinuko tu.

Homa kali na kutetemeka si dalili za kawaida za ugonjwa wa mwinuko. Mwenye homa ashuke akapimwe malaria siku hiyohiyo. Kabla ya safari alale ndani ya chandarua kila usiku. Akirudi na akapata homa, aeleze kituoni alikotoka na alikopita.

Baridi na maji

Usiku karibu na kilele maji huganda. Hatari kubwa ni nguo zilizolowa. Jinzi na fulana za pamba zikilowa hazikaushwi na joto la mwili, huliiba. Avae nguo nyepesi kadhaa juu ya nyingine, za sufu au polista, na koti la mvua juu. Mtu anayetetemeka sana, anayeshindwa kufunga zipu au kutamka maneno vizuri, avuliwe nguo zilizolowa, avikwe kavu, afunikwe mwili mzima pamoja na kichwa, na apewe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza. Akiacha kutetemeka huku amelegea, usidhani amepona. Amezidiwa.

Maji ya vijito si salama hata yakiwa meupe. Juu ya mita 2,000 yaachwe yachemke kwa dakika tatu, kwa sababu huko huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Au atumie vidonge vya kutibu maji na kusubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Apake mafuta ya kuzuia jua na avae miwani myeusi. Jua la juu huunguza ngozi ya kila rangi, na mwanga wa theluji huumiza macho.

Maswali ya kumuuliza mwandaaji wa safari

1. Ni siku ngapi, na kila usiku mnalala mita ngapi?
2. Nani anawapima dalili asubuhi na jioni?
3. Kuna oksijeni na kipima oksijeni cha kidoleni?
4. Mtoto wangu akiugua usiku, nani anashuka naye, na gharama ni ya nani?
5. Wapagazi wamevaa nini, na wanalala wapi?

Asiyeweza kujibu swali la nne hajapanga safari bado.

Mwambie maneno haya kabla hajaondoka

Vijana hujificha wakiugua kwa sababu ya pesa iliyochangwa. Anafikiri: mama amekopa kwenye kikoba, nitarudije bila picha ya kileleni? Basi mwondolee mzigo huo mapema. Mwambie kwa mdomo wako: "Ukiugua, shuka. Sitakuuliza umefika wapi."

Yule mama wa kliniki alikwenda kuzungumza na mwanawe. Safari ilisogezwa mbele hadi wakapata pesa ya siku ya sita. Kijana alifika Kibo, kichwa kikamuuma na akatapika. Akamwambia mwongozaji, akashushwa Horombo, na kesho yake alikuwa anakula ugali. Mama alinionyesha picha yake, ameketi mbele ya kibanda, kofia imemfunika masikio. Kilele hakikuonekana pichani, na mama hakukitaja.