Ugonjwa Uliotokea Ziwani

Ndugu wakulima, tukumbuke mwaka 2023. Mtu mmoja alitoka kisiwa cha Goziba, akarejea kijijini kwake Bukoba Vijijini, akaugua, akafariki. Wakafuata jamaa zake na wahudumu wa afya. Tarehe 21 Machi Serikali ikatangaza: ni Marburg. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6.

Angalieni nani walioambukizwa: waliouguza. Ugonjwa huu hupita katika damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti. Huruma yetu ndiyo njia yake.

Je, ulizimwaje? Dawa yake maalumu haikuwapo. Wagonjwa walitengwa, wakatunzwa hospitalini, na 3 wakapona. Waliowagusa waliangaliwa siku 21. Tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa umekwisha. Lakini Januari 2025 ukazuka tena Kagera, safari hii Biharamulo.

Basi, ndugu, homa kali ya ghafla yenye kutapika au kutoka damu ikiingia nyumbani, msiguse uchafu wake kwa mikono mitupu. Toeni habari zahanati upesi. Akifa, msimwoshe wenyewe. Waiteni wahudumu wa afya. Na mapango ya popo yaacheni. Kumwonea mgonjwa huruma ni pamoja na kuwalinda waliobaki.