Umenunua Lapi? Hizi Hapa Programu 7 za Bure Kila Msee Anafaa Kuwa Nazo

Umeangusha doh Moi Avenue, lapi ya ex-UK iko kwa begi, halafu kijana wa duka anakushow, "Ongeza soo tano nikuwekee Office, antivairasi na kila kitu."

Wacha kwanza. Hizo za soo tano mara mingi ni za kreki, na kreki ikianza kazi kitu ya kwanza inakuomba ni uzime antivairasi. Mgeni anayetaka ufunge mbwa ndio aingie, huyo ni mgeni gani?

Virusi za kuiba paswadi hupenda kujificha hapo. Zinabeba paswadi zote umehifadhi kwa brausa, hadi akaunti uliacha wazi. Na mtu akishika imeili yako, ameshika njia ya kuingia eCitizen, HELB na ile PayPal ya kazi za mtandaoni. Soo tano imekuwa hasara ya semista mzima.

Kabla ulipe, uliza kama mashini inabeba Windows 11. Windows 10 iliacha kupata apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kama ushanunua ya zamani, usilie, Linux Mint ni ya bure na haisumbui mashini nzee.

Sasa listi:

1. Microsoft Defender
Hii inakuja ndani ya Windows, hulipi kitu. Hakikisha tu imewashwa. Ukitoka saiba na fleshi, iskani kabla ufungue chochote. Ile virusi ya kugeuza mafaili zako ziwe shotikati bado iko mtaani.

2. Firefox na uBlock Origin
Firefox ni brausa, uBlock Origin ni nyongeza ya kuzuia matangazo. Matangazo yakipungua, bando inakaa. Pia zile batani feki za "Download" kwa saiti za muvi zinapotea nyingi.

3. Bitwarden
Inakukumbukia paswadi zote, wewe unashika moja tu. Hiyo moja ifanye ndefu na usiisahau, juu hata wenyewe Bitwarden hawawezi kukuonyesha. Kama unatumia paswadi moja kwa Facebook, imeili na potali ya chuo, anza na hii.

4. LibreOffice
Iko na ya kuandika, ya hesabu na ya slaidi. Inafungua mafaili za Word na Excel, na unaweza kuhifadhi kwa .docx ndio lekchara asilalamike. Mpangilio wa kurasa wakati mwingine husonga kidogo, kwa hivyo CV tuma ikiwa PDF. LibreOffice yenyewe inakutolea hiyo PDF.

5. VLC
Ile ya koni ya machungwa. Ilianza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, na hadi leo hailipishwi na haina matangazo. Karibu kila faili ya muvi inakubali, na sabutaito zikichelewa unazirekebisha hapo hapo.

6. 7-Zip
Lekchara ametuma noti kwa .rar na lapi inakataa kufungua? Hii ndio dawa. Iko tangu 1999, haifikishi MB 5, na haikusumbui na ujumbe wa kununua leseni kila ukiifungua.

7. Google Drive
Unapata GB 15 bure, ingawa Gmail na picha zako pia zinakula hapo. Weka folda ya projekti ndani, ijihifadhi yenyewe. Lapi ikinyakuliwa kwa mathree ama ikimwagikiwa chai, unaingia kwa mashini ya beshte na unaendelea na kazi. Kununua lapi ingine ni ngori, lakini kuandika projekti upya wiki ya difensi ni ngori zaidi.

Usiunguze bando
Fanya hii kazi mahali kuna Wi-Fi ya bure, juu LibreOffice peke yake inapita MB 300. Ukirudi keja kwa hotspoti ya simu, ingia mipangilio ya Wi-Fi, bonyeza jina la hotspoti, uwashe "Metered connection". Windows itapunguza kula bando nyuma yako. Lakini ukipata Wi-Fi tena, ruhusu apdeti ziingie.

Pakua wapi?
Kwa saiti ya wenyewe tu. VLC iko videolan.org, 7-Zip iko 7-zip.org, LibreOffice iko libreoffice.org. Ukitafuta Google, ruka zile za juu zimeandikwa tangazo, matapeli pia hulipia hizo nafasi. Ukiona uvivu, ninite.com inakuruhusu uchague kadhaa na izipange zote kwa mpigo mmoja.

Na kijana wa duka akisisitiza, mwambie hiyo soo tano umeipangia kazi ingine. Nunua fleshi.