Bima kwa mkandarasi wa kuezeka paa: ipi inakinga nini?

Kazi ya kuezeka ina hatari za aina tatu: fundi anaweza kuanguka, bati linaweza kumjeruhi mpita njia, na upepo unaweza kung'oa paa kabla kazi haijakabidhiwa. Mara nyingi bima moja hailipi yote hayo. Tunaeleza hapa kile ambacho mkandarasi wa Tanzania Bara anapaswa kukijua kabla ya kulipia bima.

Fundi akiumia

Hili si la hiari. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri ajisajili na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango hulipwa na mwajiri mwenyewe. Haruhusiwi kuukata kwenye mshahara wa fundi. Fundi akiumia kazini, Mfuko hugharamia matibabu na hulipa fidia ya ulemavu. Akifariki, wategemezi wake hulipwa.

Lakini WCF ni ya wafanyakazi tu. Gari la jirani likiangukiwa na mbao, Mfuko hauhusiki.

Jirani au mteja akipata hasara

Hapa inahitajika bima ya dhima kwa watu wengine, na hapa ndipo penye mitego mingi. Usiishie kwenye kiasi cha juu kitakacholipwa. Soma orodha ya yasiyolipwa. Kwa kazi ya paa, uliza mambo manne:

- Je, kuna kikomo cha urefu wa jengo?
- Je, kuchomelea kenchi za chuma kunakubaliwa?
- Mvua ikinyesha nyumba ikiwa imeezuliwa, vyombo vya mteja vitalipwa?
- Hasara iliyosababishwa na fundi uliyempa sehemu ya kazi, italipwa?

Majibu yawe kwa maandishi. Kumbuka pia kwamba bima hii kwa kawaida hailipi gharama ya kurudia kazi iliyofanywa vibaya.

Kazi yenyewe na vifaa

Bima ya kazi za ukandarasi hukinga mradi unaoendelea, na mara nyingi vifaa vilivyoko eneo la kazi. Taja thamani halisi. Ukiwa na vifaa vya shilingi milioni 20 ukavikatia bima ya milioni 10, kisha ukapata hasara ya milioni 4, kampuni inaweza kukulipa milioni 2 tu, kwa sababu ulikata bima ya nusu. Katika malipo hayo huenda pia ikakatwa sehemu ya hasara ambayo mkataba unakutaka uibebe mwenyewe.

Kabla ya kulipa

Hakikisha kampuni, wakala au dalali ana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kwenye fomu, eleza kazi yako kama ilivyo. Anayejaza "ukarabati mdogo" ili ada ipungue, ilhali anaezeka maghorofa, huenda dai lake likakataliwa siku anapolihitaji.

Ajali ikitokea, okoa watu kwanza, piga picha, andika majina ya mashahidi, kisha itaarifu kampuni mapema. Usikiri kosa wala kuahidi malipo kabla ya kuzungumza nayo. Mkishindwa kuelewana, unaweza kupeleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Bima ya bei nafuu isiyolipa kazi za juu haimfai mtu anayeshinda juu ya paa.