Birika, Mfereji na Spana

Katika nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa karne ya 18, choo kilikuwa na birika lake: hodhi la mawe na chokaa, lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Katika baadhi ya mabirika hayo, bakuli la kauri ya China lilijengewa chini kabisa, ili birika likikauka au likioshwa samaki wabaki na kidimbwi cha kujihifadhi. Aliyeliweka bakuli lile alijua kuwa ipo siku maji yatakwisha, akaiandalia siku hiyo nafasi tangu nyumba inajengwa. Kujiandaa kwa dharura ya maji ni desturi ya zamani pwani hii. Naamini iliyoidhoofisha ni namna bomba lilivyotufikia, kwa maana bomba lenyewe ni chombo chepesi kukielewa.

Unguja, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu hadi mjini, na mpaka leo Mzanzibari hufungua "mfereji" pale mtu wa bara anapofungua "bomba", neno tulilopewa na Wareno. Majina yote mawili yanataja kinacholeta maji. Birika na mtungi, vyombo vya kuyaweka akiba, havimo. Kisima kilikuwa na ujuzi wake nyumbani: kamba ikikatika, ndoo iliopolewa, kamba ikafungwa upya. Bomba lilikuja na mwenyewe, awe sultani au serikali. Wakati wa ukoloni mitaa mingi ya Waafrika mijini ilipata bomba la mtaani, huku nyumba za Wazungu zikiwa na maji ndani. Walio wengi walilijua bomba kwa foleni yake, na spana ikabaki mikononi mwa mtu wa idara.

Mtu anaweza kunikumbusha kwamba birika la tajiri wa Lamu lilijazwa na watumwa. Ni kweli, na ni aibu ya historia yetu. Hata hivyo hilo linaonyesha kwamba ujuzi ulikuwa kwa waliobeba maji, na wajukuu wao ndio waliosimama kwenye foleni ya bomba. Tanzania ilipoanza mwaka 1971 mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji kwa kila mwanakijiji, serikali ilijenga na serikali ikatarajiwa kutengeneza; pampu nyingi ziliharibika zikaachwa. Sera ya maji ya 1991 ilibidi iwarudishie wanakijiji sehemu ya jukumu hilo. Mijini nako, watafiti walipima matumizi ya maji Kenya, Uganda na Tanzania miaka ya 1960, na yalipopimwa tena baada ya miaka 30 ilionekana kuwa nyumba zenye bomba zilikuwa zikitumia karibu nusu tu ya maji ya awali, kwa sababu bomba halikutegemewa tena. Watu walirudia mapipa na matangi. Birika lilirudi kwa jina jingine.

Wapo wasemao kazi ya bomba tumwachie fundi. Kuunga bomba la ukutani, sawa. Lakini fundi huchukua saa nzima kufika, na bomba lililopasuka hujaza chumba kwa dakika chache. Kila mkaaji wa nyumba, hata mtoto mkubwa, anapaswa kujua ilipo koki kuu, na koki hiyo izungushwe mara kwa mara isije ikaganda siku inapohitajika. Koki ya kizamani inayodondosha mara nyingi imelika mpira wake tu, kiduara kidogo kama sarafu: hufungwa maji, kichwa kikafunguliwa kwa spana, ukawekwa mwingine. Na kwa ufa, kuna ukanda wa tyubu ya baiskeli. Maji yakishafungwa, ukanda huanza kuzungushwa kando ya ufa, kwenye sehemu ya bomba isiyopasuka, ukivutwa hadi ukonde, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, hadi upite upande wa pili, kisha ukakazwa kwa waya.