Tezi, Omo na Ngama: Maneno ya Jahazi Yaliyofika Bara na Yaliyobaki Pwani

Mto Ngerengere huanza katika milima ya Uluguru, hupita Morogoro, kisha huingia katika Ruvu, ambao humwaga maji yake baharini kaskazini ya Bagamoyo. Maneno ya pwani yalipanda kinyume cha maji hayo. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika Simbamwene, karibu na mto huu, na Stanley aliutaja mto huo, kwa matamshi yake mwenyewe, aliposafiri huko mwaka 1871. Baadaye ikaja reli, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Ngerengere na kufika Morogoro mwaka 1907.

Reli ilikuta msamiati wa safari umekwisha kutengenezwa na mabaharia. Nauli na shehena yalikuwa maneno ya chomboni kabla ya kuwa ya behewani. Usukani wa jahazi ukawa wa motokaa. Nahodha akapewa timu ya mpira. Rubani, aliyekuwa mwelekezi wa vyombo vya baharini, akapaa angani. Na Ngerengere, penye kituo cha ndege za kijeshi, ni mtoto gani atakayemfikiria rubani wa majini?

Hayo yalisafiri. Yaliyobaki pwani ndiyo yanayomtaabisha mwalimu. Kila mwanafunzi hufundishwa methali isemayo, “Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.” Kwa mtoto wa bara, tezi ni uvimbe wa shingoni, Omo ni sabuni ya unga, na ngama si kitu. Hukariri maana ya jumla, akapasi mtihani, na methali yenyewe ikabaki imefungwa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliyaweka maneno yote matatu, lakini kamusi haimpi mtu mahali pa kusimama.

Jahazi humpa. Familia ya Ngerengere ikishuka Bagamoyo wakati maji yamekupwa, hukuta vyombo vimekaa mchangani. Wakiruhusiwa na nahodha kupanda, watoto hawatakosa kukimbilia tezi, yaani nyuma penye usukani, kisha omo, yaani mbele. Na wakichoka hurudi katikati, ambako chini yake ndimo ngamani, yanamojikusanya maji ambayo baharia huyafua. Methali imekwisha kufafanuliwa kwa miguu. Tena, chombo kilichopwelewa huonyesha kisichoonekana kikielea: mkuku ulioubeba mwili wote, na nafasi za mbao ambazo fundi huzikalafati kwa pamba.

Mfasiri asiyelijua neno omo huandika “sehemu ya mbele ya meli”, na asiyeujua mkuku hutunga maneno manne mahali pa moja. Kwa maoni yangu, anayekusanya istilahi za vyombo na aanzie hapo mchangani, maji yakiwa yamekupwa, kabla hajafungua kamusi ya kigeni. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limepewa kazi ya kusanifu istilahi, na kusanifu si lazima kuwe kubuni.

Neno gadi ni gumu zaidi. Pwani ni mti wa kuegemezea chombo kilichopwelewa kisilale ubavu. Lakini gadi mwingine, mwenye asili ya Kiingereza, alikuja na reli, naye ni mlinzi wa garimoshi. Katika stesheni ya Ngerengere ni huyo wa pili anayejulikana, na mwandishi wa istilahi hana budi kuyaorodhesha maneno hayo mawili mbalimbali, kila moja na asili yake.